Msituletee Gari la Umeme kwa Waya wa Balbu Mbili

Tarehe 4 Septemba 2023 Rais William Ruto alifika KICC jijini Nairobi akiendesha mwenyewe kigari cha umeme cha rangi ya manjano, kwenda kufungua Kongamano la Tabianchi Afrika. Siku chache kabla ya hapo alikuwa Mombasa akizindua pikipiki za umeme, na ahadi ikatolewa kwamba kufikia mwisho wa 2024 zingekuwa 200,000 barabarani. Mwisho wa 2024 ulifika ukapita, hesabu hiyo haikukaribiwa. Na siku kumi tu kabla ya kigari kile cha manjano, usiku wa tarehe 25 Agosti, karibu nchi nzima ilikuwa imezama gizani, uwanja wa ndege wa JKIA ukiwemo. Hakuna aliyeona haya. Kamera zilifuata kigari.

Mimi sina ugomvi na kigari. Petroli inatuumiza, na kila lita inayochomwa kati ya Kericho na Litein imenunuliwa kwa dola ambazo majani yetu ya chai yamesaidia kuzileta. Gari linaloendeshwa kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria badala ya mafuta ya Ghuba ni jambo la akili. Ugomvi wangu ni na watu wanaokuja kutuuzia ndoto hiyo huku Konoin, Bureti, Ainamoi na Bomet Mashariki, katika kaunti za Kericho na Bomet, bila kutamka neno moja kuhusu waya unaoingia nyumbani kwa mkulima. Waya ule ulivutwa ili nyumba ihesabiwe kwenye ripoti. Kubeba mzigo hakukuwa shabaha ya aliyeuvuta. Wanaolijua hilo wamenyamaza, na bili ya ukimya wao itamwangukia mtu wa kwanza kijijini atakayethubutu kuchomeka gari ukutani.

Turudi nyuma hadi 2015. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilizindua mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishiwa stima ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na kila nyumba iliyo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma ikaambiwa ikae mkao wa kula. Wateja wa Kenya Power, waliokuwa milioni 2.3 hivi mwaka 2013, walikuwa wamepita milioni tisa miaka kumi baadaye. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajawahi kusomea mtihani kwa koroboi. Lakini ulizeni kazi hiyo ilifanywaje. Nyumba nyingi hazikutandaziwa hata waya ndani. Zilipigiliwa redi bodi ukutani, yenye soketi, swichi na mahali pa balbu, mita ya tokeni ikafungwa, picha ikapigwa, gari la mkandarasi likaondoka. Nguzo ziliongezwa kutoka transfoma zilezile zilizokuwapo, moja baada ya nyingine, zikashuka mabondeni na kupanda vilima hadi nyumba ya mwisho kabisa kando ya mto. Mwisho wa waya kama huo ni sawa na mwisho wa sufuria ya chai iliyopikiwa wageni kumi ikagawiwa harambee nzima.

Hesabu yenyewe haihitaji injinia. Chukua transfoma ya kVA 50, ambayo si kitu kigeni vijijini. Ina fezi tatu, kwa hiyo kila fezi ina takriban kVA 17. Nyumba zetu, karibu zote, zimepewa fezi moja moja. Sasa leta ile chaja ya ukutani ya ampea 32 inayopigiwa debe na wauza magari. Inavuta kilowati saba na ushei. Gari moja la mwalimu mkuu mmoja limemeza zaidi ya asilimia 40 ya fezi ambayo pengine nyumba ishirini zimening'inia kwayo. Mwalimu mkuu wa pili akinunua lake, wamemaliza. Wa tatu hana nafasi, na wala hajui kwamba hana, kwa sababu hakuna mahali popote alipoandikiwa.

Utaniambia shawa ya papo hapo nayo inavuta kilowati tano na transfoma haijapasuka. Ni kweli, na kwa baridi ya Julai ya Kericho simlaumu mtu kwa shawa yake. Ila hakuna binadamu anayeoga saa sita mfululizo. Shawa inakuja kwa dakika kumi inaondoka. Pasi ya nguo, birika, mashine ya kuchomelea pale senta, vyote vinapokezana. Mfumo mzima wa stima ya kijijini umejengwa juu ya imani kwamba hatutawasha vitu vizito pamoja wala kwa muda mrefu. Gari linavunja imani hiyo kila usiku. Linaketi kwenye waya kuanzia chakula cha jioni hadi jogoo wa kwanza.

Basi tumia soketi ya kawaida, wanasema washauri, chaji polepole. Nissan Leaf ya mtumba yenye betri ya kilowati-saa 40, ikivuta ampea 10 kwenye soketi ya ukutani, itahitaji kama saa 17 ikiwa volteji ni 240 kamili. Nani huku ana 240 kamili saa mbili usiku? Mnajijua. Televisheni inazima na kuwaka, pampu inanguruma bila kupandisha maji, friji inakatiwa moto na kile kidude chake cha kuilinda, na mwenye duka la vinyozi anazima mashine kabla haijamnyofoa mteja nywele. Volteji ikishuka, saa 17 zinageuka 20. Na soketi yenyewe ni ile ya bei rahisi iliyonunuliwa pale sokoni, isiyojua kubeba ampea 10 usiku kucha. Inapata joto, plastiki inalainika, na kwenye nyumba ya mbao hiyo si habari ya kuchekea. Ekstensheni iliyopitishwa dirishani hadi uani, juu ya nyasi zilizolowa mvua, sitaki hata kuizungumzia. Kama huna fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliyepima waya wako wa ardhini, usichomeke gari. Hilo nalisema bila utani.

Lakini nyumba si tatizo kubwa. Waya wa ndani unabadilishwa kwa siku moja, na soketi inauzwa dukani. Tatizo liko nje, juu ya nguzo, mahali ambapo huruhusiwi kugusa na ambapo hakuna anayekujibu.

Mtu akiomba fezi tatu ili achaji gari, au asindike maziwa, au aendeshe posho mili, anaandikiwa makadirio. Ndani ya makadirio hayo kuna nguzo, kuna waya, na mara nyingine kuna transfoma nzima. Analipa yeye. Akishalipa, mali ni ya kampuni, na majirani wanaunganishwa humohumo, na baada ya muda mfupi mlipaji anarudi kwenye volteji ileile aliyoikimbia. Huo ndio mpango wa taifa wa magari ya umeme kwa mtu wa Mogogosiek: awe wa kwanza, ajenge mtandao wa serikali kwa pesa zake, kisha ashukuru. Na mashine hiyo aliyoilipia ikinyonywa mafuta na wezi usiku, mafuta ambayo yameripotiwa kuishia kwenye karai za chipsi, kijiji kizima kinakaa gizani kungoja nyingine.

Ukilalamika utarushwa kama mpira. Transfoma iliwekwa na REREC, nenda kwao. REREC wanajenga tu, matengenezo ni ya Kenya Power. Kenya Power wanasema laini kubwa imelemewa, hiyo ni ya KETRACO. Mbunge anasema yeye ameshachangia kutoka mfuko wa jimbo, NG-CDF, na kweli alikuja na mkasi akakata utepe chini ya nguzo. Sijawahi kuona mbunge akikata utepe wa waya mnene zaidi. Hauonekani kwenye picha.

Na kuna dhihaka inayonichoma kuliko zote. Usiku wa manane nchi hii ina umeme hadi inautupa. Pale Olkaria, watu wakishalala na viwanda vikishapunguza kasi, KenGen imelazimika mara nyingi kuachilia mvuke upotee hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Mto Sondu, unaokusanya maji ya Mau yanayopita katika mabonde yetu ya chai, unazungusha mitambo ya megawati 60 kule Sondu-Miriu na mingine ya Sang'oro chini yake. Mvua inayotunyeshea sisi karibu kila alasiri ndiyo inayolisha mitambo hiyo. Umeme upo. Jioni ndipo unapokosa pa kupita. Mapema 2025 matumizi ya saa za jioni yalipita megawati 2,300, rekodi ya wakati huo, na Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku kuna sehemu za nchi zinazokatiwa kwa zamu. Kenya Power nayo imekiri kwamba magharibi mwa nchi ndiko laini hulemewa jioni. Kwa hiyo kati ya mvuke unaotupwa saa nane usiku na gari lililoegeshwa Kapkatet likiwa na njaa, kinachokosekana ni waya wa kutosha na saa ya kuliambia gari lianze lini. Saa! Kifaa cha bei ya kuku wawili.

Wenzetu walilifikiria hilo mapema. Uingereza, nchi ambayo nyumba ya kawaida ina fyuzi ya ampea 60 hadi 100, iliamuru kwamba kuanzia tarehe 30 Juni 2022 kila chaja mpya ya nyumbani iuzwe ikiwa imepangwa kutochaji saa za msongamano, na hata saa hizo zikiisha, isianze papo hapo bali isubiri kwa dakika zisizotabirika, hadi kumi, ili magari ya mtaa mzima yasirukie laini kwa pamoja. Fundi akifunga chaja, mwenye laini anaarifiwa. Waingereza hawa ndio waliotuachia chai na bado wanainywa. Wangeweza kutuachia na tabia hii. Sisi EPRA ilitoa mwongozo wake wa vituo vya kuchaji mwaka 2023, karatasi yenye heshima zake, lakini nenda ukaulize pale senta yenu transfoma ina magari mangapi juu yake, uone kama kuna mtu mwenye jibu.

Njooni sasa kwenye bei, maana hapo ndipo ujanja umefichwa. Aprili 2023 EPRA ilitangaza bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa za usiku mkubwa, kabla ya kuongezwa tozo za mafuta na kodi. Shilingi nane! Ni bei ya kumfanya mtu auze gari lake la petroli kesho. Ila bei hiyo inataka mita yake ya pekee, na mkulima wa Silibwet ana mita moja tu, ile ya tokeni. Akichomeka gari hapo anaingia kwenye ngazi za bei za nyumbani. Anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi hutozwa karibu shilingi 12 kwa yuniti. Anayepita 100 hutozwa karibu 20. Gari linalokwenda kilomita elfu moja kwa mwezi litakula yuniti zaidi ya 150, kwa hiyo nyumba imeruka hadi juu kabisa. Na bei hiyo ya juu haigusi yuniti za gari peke yake. Inagusa zote. Balbu ileile iliyokuwa ikimulika madaftari ya watoto kwa shilingi 12 sasa inamulika kwa 20. Kama nyanya anashiriki mita na mwanawe, naye amepandishwa daraja bila kupanda gari.

Mwenye karakana ya mabasi Nairobi anachaji kwa nane. Mkulima anachaji kwa ishirini, kwa volteji pungufu, na juu ya hayo analaumiwa na majirani. Nani alikaa mezani akaandika hivyo akaridhika?

Ng'ambo ya ua wa majani chai hadithi ni nyingine kabisa. Kampuni kubwa za chai za Kericho zimekuwa na mitambo yao wenyewe ya maji tangu zamani sana. Jamji na Tagabi ni majina ambayo mfanyakazi mzee wa Brooke Bond atakutajia bila kufikiri. Shamba la Changoi la Williamson liliwekewa paneli za sola za megawati moja mwaka 2014, pamoja na mawingu yetu yote. Kampuni hizi zilijua kwamba feni za kunyausha majani hazingoji laini irekebishwe, zikajijengea. Leo mashamba yamebadilisha wamiliki: Finlays ikauza yake kwa Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na yale yaliyokuwa ya Unilever yakaelekea hukohuko. Ardhi yenyewe ina madai yake, ya Wakipsigis na ya ukoo wa Talai, na hayo hayamalizwi katika makala ya stima. Lakini maji yanayozungusha mitambo ile ni ya mito yetu sote, na ningependa siku moja nimsikie gavana wa Kericho au wa Bomet akiweka swali hili mezani wakati wa kujadili mikataba: ziada ya usiku inaweza kuuzwa kwa kijiji kilicho upande wa pili wa ua, na kwa bei gani?

Halafu kuna viwanda vyetu wenyewe. KTDA ni ya wakulima zaidi ya 600,000 nchini, au hivyo ndivyo tunavyoambiwa bonasi inapokuja ndogo na watu wanaingia barabarani. Kila kiwanda, Litein, Kapkoros, Mogogosiek, Tegat, kina laini nzito na transfoma yake, na jenereta pembeni. Msimu wa majani machache mashine zinapumzika na laini ile inabaki na nafasi. Hapo ndipo pa kuweka chaja kubwa za kwanza za ukanda huu, kwenye uwanja ambao malori ya majani yanaingia kila siku na ambao mkulima ana hisa ndani yake. Kituo kimoja kiwandani kitafaa zaidi ya chaja hamsini zilizotapakaa kwenye nyaya dhaifu. Wakurugenzi wa viwanda wanaosafiri kwenda kujifunza mnada wa chai ng'ambo wanaweza kujifunza hili bila kuondoka kwenye geti lao.

Na tuache pia ulimbukeni wa kudhani umeme wa barabarani ni gari la saluni la mkubwa peke yake. Chombo kinachobeba uchumi wa vilima hivi ni boda boda. Inabeba gunia la majani hadi kituo cha kununulia, inabeba maziwa, inabeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Longisa au ya Kapkatet. Betri ya pikipiki ya umeme ni ya kilowati-saa mbili hadi nne. Inachajiwa usiku kwa mzigo mdogo kuliko wa pasi ya nguo. Nyumba ya redi bodi inaweza, waya wa kijiji unaweza, hata transfoma iliyochoka inaweza, mradi zisianze zote saa moja jioni. Huku ndiko serikali ingeanzia kama shabaha ingekuwa watu. Badala yake ahadi ya 200,000 ilitolewa kwenye jukwaa la Mombasa, na kijana wa Chebilat bado ananunua petroli kwa chupa.

Najua jibu la maofisa. Watasema magari ya umeme huku ni ya kuhesabika kwa vidole, kwa nini kelele? Kelele ni sasa kwa sababu hiyohiyo. Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli mapema 2024. Magari ya umeme ya mtumba yanazidi kushuka bei huko yanakotoka, na mitumba tunaijua, ikianza kuja haibishi hodi. Waya mnene haupatikani kwa wiki moja, na transfoma haifiki siku inayoagizwa. Tukingoja hadi magari yajae, tutaanza kugombana jirani kwa jirani juu ya nani alichomeka kwanza, wakati mwenye waya amekaa Stima Plaza akiuza tokeni kwa pande zote mbili.

Nawataka Kenya Power waanze na jambo dogo lisilohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kwenye kila nguzo yenye transfoma Kericho na Bomet, waandike kwa rangi: uwezo wake ni kVA ngapi, imeunganishiwa nyumba ngapi, na saa mbili usiku inabeba kiasi gani cha uwezo huo. Mkulima akisoma atajua kama anunue gari, pikipiki, au anyamaze kwanza. Jirani yake atajua. Mbunge pia atajua, na hilo ndilo linalowatisha. Wasituambie hakuna rangi. Kila choo cha shule kilichojengwa kwa NG-CDF kina jina la mheshimiwa mlangoni, kwa herufi kubwa.